Maswali ya Wasomaji: Sigara za Kielektroniki na Taarifa Zinazopingana Mtandaoni

Barua zilizotufikia kuhusu sigara za kielektroniki ni nyingi, na wengi wa walioziandika wamekwisha kusoma mengi kabla ya kutuandikia. Hawaulizi sana kama bidhaa hizi zina madhara. Wanauliza wamwamini nani, kwa sababu kila wanachokisoma kinapingwa na ukurasa unaofuata. Tumechagua barua nne, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa imegusa karibu kila kauli inayozunguka mtandaoni.

SWALI: Nimevuta sigara za kawaida tangu ujana wangu na sasa nataka kuacha. Mwenzangu kazini alinishauri nihamie za kielektroniki, nami nikaona nisome kwanza. Ukurasa mmoja unasema madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 kuliko ya sigara. Mwingine unasema zinaleta ugonjwa wa "mapafu ya bisi". Wa tatu unasema zimeua makumi ya watu Marekani, na wa nne unasema utafiti umethibitisha kwamba zinasababisha mshtuko wa moyo. Kurasa zote zinaonekana za watu makini na zote zinataja utafiti. Ni nani anayedanganya? – *Mvutaji anayetaka kuacha*

JIBU: Ndugu msomaji, inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyebuni jambo lisilokuwapo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kila moja ya kauli hizo nne ina chanzo cha kweli, kilichochapishwa na watu wanaojulikana. Kilichopotea njiani ni masharti yaliyoambatana nayo: ni nani waliopimwa, walikuwa wakitumia nini, na walilinganishwa na akina nani. Kwa hiyo tuifuate kila kauli hadi ilikotoka.

Asilimia 95 ilipata umaarufu Agosti 2015, pale Public Health England, iliyokuwa taasisi ya serikali ya afya ya umma nchini Uingereza, ilipochapisha mapitio yaliyoitaja kuwa ndiyo makadirio bora yaliyokuwapo. Mtu akiisoma namba hiyo hudhani kwamba kuna wavutaji waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wengine wakitumia sigara za kawaida na wengine za kielektroniki, kisha wagonjwa wakahesabiwa. Haikuwa hivyo. Namba hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na makala ya mwaka 2014 ambamo jopo dogo la wataalamu, akiwamo mwanasayansi wa dawa wa Uingereza David Nutt, lilizipa alama bidhaa 12 zenye nikotini kwa kutumia vigezo 14 vya madhara. Sigara ya kawaida ilipewa alama 100, na ya kielektroniki ikapata takriban 4. Waandishi wenyewe walikiri kwamba kwa bidhaa nyingi na vigezo vingi ushahidi thabiti ulikuwa haujapatikana, na jarida la *The Lancet* likaikosoa taasisi hiyo mwezi uleule kwa kusimamisha hitimisho zito juu ya msingi mwembamba. Kwa maoni yangu, mwelekeo wa kauli hiyo ni sahihi, kwa sababu sigara ya kielektroniki haiunguzi tumbaku, na lami pamoja na kaboni monoksidi, ambazo zina sehemu kubwa katika magonjwa ya wavutaji, hutokana na kuungua huko. Ni namba yenyewe isiyostahili uzito inaopewa. Mapitio makubwa yaliyofanywa na King's College London na kutolewa mwaka 2022 yalisema jambo la tahadhari zaidi: kwamba katika muda mfupi na wa kati hatari ya bidhaa hizi ni sehemu ndogo tu ya hatari ya sigara, lakini si kwamba hazina hatari, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta kabisa. Sentensi hiyo haisambai sana, labda kwa kuwa haina namba ya kuandikwa kwa herufi kubwa.

Mapafu ya bisi yana historia ya kweli na ya kusikitisha. Mwaka 2000, wafanyakazi wanane wa zamani wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, waligundulika kuwa na ugonjwa unaoziba njia ndogo za hewa katika mapafu, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye diasetili, kemikali inayotia ladha ya siagi, ambayo walikuwa wakiivuta hewani siku nzima kazini. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki na kukuta diasetili katika 39. Ni matokeo mazito, na Uingereza imepiga marufuku kemikali hiyo katika vimiminika hivyo. Hata hivyo utafiti huo ulipima kemikali. Haukumpima mgonjwa hata mmoja. Kurasa zinazounganisha kiwanda cha bisi na kifaa cha mfukoni huruka hatua hiyo, na huruka pia jambo lingine ambalo mvutaji kama wewe anapaswa kulijua: moshi wa sigara ya kawaida nao una diasetili, tena kwa viwango vinavyozidi vile vilivyokutwa katika sehemu kubwa ya vimiminika vilivyopimwa.

Vifo vya Marekani vilitokea kweli. Kufikia Februari 2020, mamlaka za afya za nchi hiyo zilikuwa zimeandikisha watu 2,807 waliolazwa au kufariki kwa ugonjwa wa ghafla wa mapafu, na kati yao 68 walifariki. Wengi wa wagonjwa walioeleza walichokuwa wakivuta walitaja vimiminika vyenye THC, kiini cha bangi kinacholevya, ambavyo mara nyingi vilipatikana kwa njia zisizo rasmi. Majimaji yaliyotolewa katika mapafu ya wagonjwa 51 yalipopimwa, 48 walikutwa na asetati ya vitamini E, kitu kilichokuwa kikitumiwa kuzidishia mafuta hayo ya bangi uzito. Anayekwambia kwamba watu hao waliuawa na sigara za kielektroniki za nikotini zinazouzwa madukani anakwenda mbali kuliko ushahidi, na anayekwambia kwamba mkasa huo hauwahusu kabisa watumiaji wa nikotini naye anakwenda mbali, kwa sababu baadhi ya wagonjwa walisema walitumia nikotini peke yake na maofisa hawakuondoa uwezekano wa visababishi vingine. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba kuvuta kimiminika usichojua kilichomo ni hatari.

Kauli ya nne, ya mshtuko wa moyo, ndiyo ningependa uitazame kwa makini kuliko zote. Makala unayoizungumzia huenda ni ile iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Chama cha Moyo cha Marekani, ikionyesha kwamba watumiaji wa sigara za kielektroniki walikuwa na historia ya mshtuko wa moyo zaidi kuliko wengine. Wasomaji wenye jicho kali walipoipitia data waliona kwamba baadhi ya watu waliohesabiwa walipata mshtuko huo kabla hawajaanza kutumia sigara za kielektroniki, na tukio la jana haliwezi kusababishwa na kitu kilichoanza kutumiwa leo. Februari 2020 jarida liliifuta makala hiyo. Ukiitafuta leo katika hazina ya makala za kitabibu ya PubMed, utakuta tangazo la kufutwa limewekwa wazi kabla hata hujaanza kusoma muhtasari. Habari zilizoandikwa magazetini mwaka 2019 hazina tangazo hilo, na bado zinasomwa. Hii haina maana kwamba moyo hauathiriki, maana nikotini huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Ina maana kwamba makala hiyo mahususi haiwezi tena kutumiwa kama ushahidi.

Sasa nirudi kwenye haja yako. Kwa mtu anayevuta tayari, ushahidi bora uliopo ni wa majaribio yaliyowagawa watu kwa bahati nasibu. Mojawapo, lililofanyika katika huduma za kuacha sigara za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, liliwahusisha watu 886: baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha tumbaku, ikilinganishwa na asilimia 9.9 ya waliopewa vibandiko, chingamu na dawa nyingine za nikotini. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio ya aina hiyo, nayo yanaona kuwa zinasaidia zaidi kuliko dawa hizo za nikotini. Lakini soma mpaka mwisho: katika jaribio hilo, asilimia 80 ya walioacha tumbaku kwa msaada wa kifaa walikuwa bado wanakitumia mwaka mmoja baadaye. Zungumza na mhudumu wa afya, muulize pia kuhusu vibandiko na dawa za vidonge, na kama mtaamua kujaribu kifaa, kusudio liwe kuhama kabisa, kwa kuwa anayechanganya vyote viwili anaendelea kuvuta moshi uleule.

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 16. Nilipokuta kifaa cha kuvutia mvuke katika mfuko wake, alinionyesha video kadhaa za vijana wakisema kwamba ni mvuke wa maji tu wenye ladha ya matunda na kwamba cha kwake hakina nikotini. Nimtafutie ukurasa gani wa kumjibu? – *Mama mwenye wasiwasi*

JIBU: Mama, nakusihi usianze na ukurasa wa kutisha. Ukimwonyesha mapafu ya bisi, atapata video ya kuupinga ukurasa huo kabla hujamaliza kuzungumza, na tangu hapo hata maneno yako ya kweli atayaweka kwenye kapu moja na yale yaliyotiwa chumvi.

Mwambie kinachotoka katika kifaa hicho. Ni matone madogo mno ya propilini glaikoli na gliserini, yakiwa yamebeba kemikali za ladha na mara nyingi nikotini, na vipimo vimewahi kukuta humo chembe za metali kama nikeli na risasi zinazotokana na sehemu za kifaa zinazopata moto. Kemikali nyingi za ladha zinajulikana kuwa salama zikiliwa, lakini usalama wa kitu tumboni hausemi chochote kuhusu usalama wake kikivutwa mapafuni. Wafanyakazi wale wa Missouri walipata madhara kutokana na kitu ambacho watu walikuwa wakikila bila shida.

Kisha chukueni kifaa chenyewe msome pamoja maandishi yake. Asilimia 2 kwa kawaida ina maana ya miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya. Asilimia 5 inazidi mara mbili ya hapo. Kijaluba kimoja cha asilimia 5 cha JUUL, chapa ya Marekani ya sigara za kielektroniki, kilikuwa na mililita 0.7 tu za kimiminika, na kampuni yenyewe ilikuwa ikieleza kwamba nikotini yake ni takriban sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Kama kifaa kimeandikwa kwamba hakina nikotini, jueni kwamba maabara zimewahi kuikuta katika bidhaa zilizoandikwa hivyohivyo. Njia rahisi zaidi ya kupima ni kumwomba akae bila kifaa kwa siku chache: akiwa mkali, akikosa utulivu na kushindwa kulala, huenda nikotini imo.

Kuhusu video hizo, swali la kumuuliza ni nani anayemlipa msemaji. Mtu anayepewa bidhaa bure, au anayepata kamisheni kwa kila mnunuzi anayetumia namba yake ya punguzo, hana haja ya kusema uongo. Inatosha asiseme baadhi ya mambo. Na hata video ikinukuu ile asilimia 95 kwa usahihi, imemjibu mtu mwingine. Namba hiyo inalinganisha na sigara, ilhali mwanao hakuwa akivuta sigara. Yeye analinganishwa na kijana anayevuta hewa tupu. Ubongo wake bado unaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu, na katika umri huu nikotini hujenga uraibu kwa urahisi zaidi na inaweza kuathiri umakini na kujifunza. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, vimiminika vya kujazia vifungiwe mahali asipofika: kichupa cha mililita 10 chenye miligramu 20 kwa mililita kina miligramu 200 za nikotini, ambazo ni hatari kubwa kwa mtoto anayekinywa.

SWALI: Mimi ni mwalimu, na huwafundisha wanafunzi wangu kwamba wakitaka taarifa za afya waende kwenye taasisi zinazoheshimika. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema hivi na Uingereza inasema vile. Kama wakubwa hawakubaliani, mwanafunzi afanye nini? – *Mwalimu*

JIBU: Mwalimu, tofauti hiyo ipo na haifai kufichwa, ila ukisoma kinachosemwa neno kwa neno utaona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi si juu ya matokeo ya utafiti. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa hatua za haraka na kusema kwamba sigara za kielektroniki, zikiwa bidhaa zinazouzwa kwa walaji, hazijaonyeshwa kuwasaidia watu kuacha tumbaku katika ngazi ya jamii nzima. Huduma za afya za Uingereza zinasema kwamba mvutaji mtu mzima anayezitumia kuacha, hasa akipata ushauri, ana nafasi nzuri zaidi ya kufaulu. Kauli hizi mbili zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Jaribio la watu 886 nililolitaja liliwapa washiriki kifaa na ushauri nasaha wa kila wiki kwa wiki zisizopungua nne; jamii nzima ina watu wanaonunua bila ushauri, wanaochanganya na sigara, na vijana ambao wasingeigusa nikotini kamwe. Anayeangalia mvutaji mmoja mbele yake na anayeangalia darasa zima la wanafunzi wako watatoa ushauri tofauti hata wakisoma makala ilelile.

Kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kuuliza taasisi inazungumza kuhusu nani, na inazungumza lini. Bidhaa ya kisasa ilianzia kwa mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Saratani ya mapafu ya mvutaji wa sigara huchukua miongo mingi kujitokeza, hivyo hakuna taasisi, hata iwe na hadhi gani, inayoweza leo kuwa na data ya miaka 40 ya matumizi. Ukurasa unaotangaza kwa uhakika kwamba bidhaa hizi zinaleta saratani kwa binadamu, na ule unaotangaza kwa uhakika kwamba hazileti, zote mbili zimekimbia mbele ya kalenda. Ripoti ya mwaka 2018 ya akademia za kitaifa za sayansi za Marekani, iliyopitia zaidi ya tafiti 800, ilipanga mahitimisho yake kwa daraja za nguvu ya ushahidi: mengine ushahidi wake ni kamilifu, mengine ni wa wastani, na mengine haupo kabisa. Ningekuwa na kipindi kimoja tu cha kufundisha somo hili, ningewapa wanafunzi orodha hiyo ya mahitimisho waone jinsi wanasayansi wanavyoandika wanapokuwa hawana hakika.

SWALI: Je, nikiona muhuri wa ubora kwenye tovuti ya afya, au anwani inayoishia na .org, naweza kutulia? Na vipi kuhusu kuuliza programu za akili mnemba? – *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Usitulie bado. Muhuri uliojulikana zaidi, HONcode wa wakfu wa Health on the Net wa Geneva, ulianza mwaka 1996 na mpango huo ukafungwa mwishoni mwa mwaka 2022. Nembo ikiwa bado inaonekana mahali, hakuna anayeikagua tena. Anwani ya .org inaweza kununuliwa na yeyote. Mwaka 2017 ulianzishwa wakfu uitwao Foundation for a Smoke-Free World, jina ambalo lingempendeza daktari yeyote, ukiwa na ahadi ya takriban dola milioni 80 kwa mwaka kutoka kampuni ya sigara ya Philip Morris International; mwaka 2024 ukabadilisha jina. Vivyo hivyo, tovuti za wauzaji hupenda kuandika kwamba bidhaa fulani imekubaliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mamlaka hiyo imeruhusu baadhi ya bidhaa ziuzwe, kuanzia Oktoba 2021, na ilisema wazi kwamba ruhusa hiyo haina maana kuwa ni salama. Wala haijaidhinisha sigara ya kielektroniki yoyote kama dawa ya kuacha kuvuta.

Kwa hiyo nenda kwanza kwenye sehemu inayoeleza wamiliki na wafadhili, kisha angalia tarehe. Katika makala ya kitaalamu, tafuta tamko la maslahi, ambalo aghalabu huwekwa karibu na mwisho, kabla ya marejeo. Fedha za kampuni hazifanyi matokeo kuwa ya uongo moja kwa moja, ila zinakupa sababu ya kutafuta utafiti mwingine uliofanywa na watu wasiozipokea.

Programu za akili mnemba huandika kwa ufasaha uleule zinapokuwa sahihi na zinapokosea, na zimewahi kutaja makala ambazo hazipo, zikiwa na majina ya waandishi na mwaka kamili. Hufuata pia mwelekeo wa swali: ukiuliza kwa nini sigara za kielektroniki ni salama, utaletewa sababu za usalama. Uliza bila kuegemea upande, omba kichwa kamili cha makala, kisha kinakili kichwa hicho na ukitafute mwenyewe katika PubMed. Kisipoonekana huko, kitafute pia kwenye tovuti ya jarida lililotajwa. Kikikosekana kote, jibu lote ulilopewa lichukulie kuwa halijathibitishwa, hata sehemu zinazoonekana kukubaliana na unachokijua.